Moshi walinivua ujanja: Medali niliyopiga nayo picha haikuwa yangu!

Leo sina raha ya kukuchekesha kama ulivyozoea. Leo nina deni. Wale mnaonifahamu kwa sura mnaikumbuka ile picha ya Februari 2025: kijana wa watu nimesimama mjini Moshi, nimeing'ata medali kwa meno kama wale mabingwa wa kwenye televisheni, jasho linang'aa, kifua mbele. Chini nikaandika, "Kilomita 21, si mchezo!" Pongezi nikazipokea hadi simu ikaisha chaji.

Medali ile si yangu. Sijawahi kumaliza kilomita 21 za Moshi. Niliishia njiani, nikakalishwa chini ya migomba kama mzigo wa mkaa, na uwanjani nikaingia kwa gari. Haya, cheka kwanza halafu tuendelee, maana safari yenyewe ni ndefu.

Mambo yote yalianzia huku huku Dar. Unawajua wale watu wa klabu za jogingi, wanaotuamsha Jumapili alfajiri kwa nyimbo na filimbi, fulana zinafanana utadhani sare ya shule? Basi na mimi nilijiunga na kundi moja pale Sinza. Ukweli nilifuata supu. Jogingi ya Dar bila supu ya kongoro mwishoni haijakamilika, na kuna washikaji nawajua wanakimbia kilomita tatu halafu wanakula bakuli mbili, mwisho wa mwezi suruali haifungi. Lakini mimi miguu ilikubali. Baada ya miezi mitatu nikaanza kuwaacha wenzangu, na baada ya miezi mitano nikawa natoka peke yangu kwenda Daraja la Tanzanite.

Kama hujawahi kufika pale alfajiri, nenda. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 2022, linapita juu ya maji kwa kilomita moja na kidogo, na kabla jua halijachomoza limejaa wakimbiaji na watembeaji. Kina mama wa miraba minne, vijana wa ofisini wenye viatu vya bei ya kiwanja, wazee wenye fimbo, wote wamo. Upepo wa bahari unakusukuma mgongoni, mbele taa za jiji zinazimika moja moja. Ukiwa pale unajiona wewe ndo Juma Ikangaa. Na kwa kuwa njia ni bapa kama meza, saa inakudanganya. Nilipiga kilomita 21 za mazoezi kwa saa moja na dakika 50, nikaja kijiweni nikatangaza: Moshi nitamaliza kwa saa moja na dakika 45. Mbele ya watu. Mbele ya mabinti pia, kama unataka kujua.

Sasa sikia kimbembe. Siku kumi na mbili kabla ya mbio nikashikwa na homa. Viungo vinauma, meno yanagongana, shuka mbili hazitoshi. Dada yangu ni muuguzi, tunaishi naye nyumba moja tangu mama alipofariki, na yeye ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Akanipeleka kupimwa mwenyewe. Malaria. Nikapewa mseto, vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, jumla 24. Siku ya nne homa ikakata, nikajiona mzima wa afya.

Dada akanikalisha. "Mdogo wangu, homa imeondoka lakini damu haijarudi. Wale wadudu wanaharibu chembe nyekundu, na hizo ndizo zinazobeba hewa mwilini. Hukimbii mwezi huu."

Nikamwambia dada, nimeshalipa, tiketi ya basi imeshakatwa, nitakwenda kuwashangilia wenzangu tu. Akaniangalia. Nikaongeza, labda nitatembea zile kilomita tano za kujifurahisha na watoto. Akasema haya, tembea. Nikamwapia jina la mama yetu. Hapo ndipo ninapoona aibu hadi leo, mpenzi msomaji, kuliko hata ile ya medali.

Ijumaa alfajiri tukawa pale stendi ya Magufuli, Mbezi, mimi na mshikaji wangu mmoja anayekimbia taratibu kama anasindikiza maiti. Safari ya Moshi kwa basi inakula siku nzima, lakini ukipata kiti cha dirishani huchoki. Ukishaiacha Pwani na kuvuka Segera unaingia Korogwe, mashamba ya katani yamejipanga mistari kama nywele za kusuka, na wachuuzi wanaruka na machungwa dirishani. Mombo milima ya Usambara inakusimamia kichwani. Halafu Same na Mwanga, nchi imekauka, upande mmoja Wapare na milima yao, upande wa pili tambarare haina mwisho, vumbi linazunguka kama linacheza ngoma. Kila mtu kwenye basi anaanza kuchungulia mbele. Wote tunautafuta Mlima.

Haukuonekana. Ulikuwa umejifunika mawingu kama bibi harusi. Mzee mmoja wa Marangu tuliyekaa naye akacheka, "Huo hautaki kuonwa mchana, mjukuu wangu. Usubiri jioni au uamke mapema." Kweli bwana, tunashuka Moshi jua linazama, mawingu yakafunguka kidogo juu kabisa, pale ambapo wewe unadhani ni mbingu tu, na theluji ikatokea. Mita 5,895. Nilisimama na begi langu kichwa kimeinama nyuma, dereva wa bodaboda akanipigia honi nipishe njia.

Moshi ni mji wa kistaarabu, lazima niseme. Umesafishwa, miti imejipanga barabarani, watu hawakimbilii daladala kama wanafukuzwa na nyuki. Ni mji wa kahawa tangu zamani, ndio kwao na KNCU, kile chama cha ushirika cha wakulima kilichoanza mwaka 1933. Wikiendi ya mbio ndo inageuka kuwa mji mwingine. Nyumba za wageni zinajaa, Wazungu wenye kaptula, Wakenya wembamba kama mishumaa, watu wa benki kutoka Dar na makundi ya jogingi na ngoma zao. Sisi tulilala Majengo kwa shangazi yake mshikaji. Mama yule alitushindilia mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama, mpaka tukaomba msamaha. Mimi nilikula kidogo. Mdomo ulikuwa bado mchungu wa dawa. Mwili ulikuwa unaniambia kitu, nikaupuuza.

Jumamosi tukachukua namba. Nyuma ya namba ya kifuani kuna sehemu ya kuandika jina na simu ya mtu wa kupigiwa ukipatwa na jambo. Nikaandika namba ya dada, maana ndo namba pekee ninayoijua kwa kichwa. Nikaandika bila hata kufikiri. Iweke akilini hiyo.

Jumapili, Februari 23. Tumesongamana nje ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, bado kuna kijiubaridi, Mlima umetoka wote mzima mzima, mweupe juu na wa bluu chini. Muziki unapigwa, moyo unaruka. Mbio hizi zilianza mwaka 2003, kwa hiyo nyuma yake kuna kizazi kizima cha watu waliokwisha kupita pale. Mimi nikajipenyeza mbele kabisa, katikati ya wale wembamba. Mshikaji akanishika fulana, "Wewe, rudi huku kwetu." Sikumsikia.

Tukaachiwa. Kilomita ya kwanza nilipita kwa dakika nne na nusu. Ya pili hivyo hivyo. Mwendo wa mpango wangu ulikuwa dakika tano. Watu pembeni wanashangilia, watoto wananyoosha mikono uwagonge, mimi nagonga kila mkono, najiona Ikangaa kabisa. Tukakata mjini tukaanza kuikamata barabara ya Mweka.

Sasa ngoja nikueleze barabara ya Mweka, maana ndiyo iliyonivua ujanja. Kwa gari huioni kama kilima. Ni barabara inayopanda polepole, imepita katikati ya vihamba vya Wachagga, migomba huku, kahawa huku, mifereji ya maji ya wazee wa zamani inateremka pembeni inanong'ona. Huko juu kuna kile chuo cha wanyamapori kilichoanza mwaka 1963, na mbele zaidi ndipo lilipo lango la Mweka wanapotokea watalii wakimaliza kuteremka Mlima. Pazuri kweli kweli. Tatizo ni kwamba haiachi kupanda. Unafika kona, unasema nikikata hapa itanyooka, unakata, inapanda. Unaona mti mkubwa, unasema pale ndo mwisho, unafika, inapanda. Uwanja uko mita mia nane na kitu kutoka usawa wa bahari, na unakwenda kugeuzia zaidi ya mita elfu moja. Mtu aliyefanyia mazoezi yake juu ya Daraja la Tanzanite hajui hata misuli gani inatumika huku.

Kilomita ya sita wale wembamba walishapotea. Ya saba nikaanza kupitwa. Vijana, sawa. Mzungu mzee, sawa. Baba mwenye kitambi cha heshima, hapo roho iliniuma. Masikio yanavuma kama redio isiyo na stesheni. Kwenye geuzo nilifika kwa saa moja na dakika kumi, na nikajifariji: sasa ni mteremko, nitawafuata mmoja mmoja.

Hakuna aliyeniambia kwamba mteremko nao unauma. Ukipanda unachoka pumzi, ukishuka mapaja yanabeba uzito wote wa mwili kila hatua, kama mtu anayeshuka ngazi na gunia. Kilomita ya kumi na mbili miguu ikaanza kutetemeka. Ya kumi na tatu nikasikia baridi. Jua limeshatoka, wenzangu wanajimwagia maji, mimi nywele za mikono zimesimama. Nikajua. Nikajiambia kimoyomoyo, "John Stephen Akhwari alimaliza." Nadhani kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakijua kisa kile cha Mexico mwaka 1968, mzee wetu wa Mbulu alianguka akaumia goti, akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Nikawa naliita jina lake kila hatua kama sala.

Karibu na kilomita ya kumi na nne migomba ikaanza kuzunguka. Nikashika ukingo wa mfereji nikakaa. Sikuanguka kishujaa. Nilikaa tu, kama mtu anayesubiri daladala.

Watu wakawa wanapita. Wengine wanasema "pole kaka", "jikaze", "bado kidogo". Siwalaumu, kwenye mbio kila mtu ana vita yake. Halafu akaja mama mmoja. Umri wake kama miaka hamsini na kitu, kavaa sketi ndefu juu ya suruali ya mazoezi, kofia ya bluu, anateremka kwa mwendo wa saa ya ukutani, tik, tik, tik. Alinipita hatua tano. Akasimama. Akarudi.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Leo siku gani?"

Nilichelewa kujibu. Sio kwamba nilisahau, ila ilikuwa mbali, kama jina la mtu niliyesoma naye darasa la kwanza. Yule mama akakaa chini pale pale kwenye majani. Akavua kofia yake akaichovya mferejini akanivika. Akatoa glukosi aliyoifunga kwenye kipande cha nailoni, akanilambisha kidogo kidogo kutoka kiganjani mwake.

"Shikamoo mama, wewe nenda, muda wako unapotea," nikamwambia, salamu yenyewe imechelewa.

"Marahaba. Muda wangu unanihusu nini? Nitarudi nao mwakani. Umeumwa hivi karibuni wewe?"

Mpenzi msomaji, nilitaka kudanganya hata pale. Nikafungua mdomo kusema hapana. Nikaona macho yake, nikasema, "Malaria, mama. Nimemaliza dawa juzi juzi."

Hakunigombeza. Alisema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ndogo, akampigia mluzi kijana wa kujitolea aliyekuwa kwenye meza ya maji, akamwambia aite watu wa huduma ya kwanza. Alikaa na mimi mpaka gari lilipofika. Sijui dakika ngapi, kumi na tano, ishirini. Nilikuwa naona miguu ya watu inapita, na miguu yake yeye imekaa, viatu vimechakaa pembeni, vya mtu anayekimbia kila siku. Waliponiinua akanipigapiga shavu, akashika njia, tik, tik, tik. Sikumuuliza jina wala namba yake.

Wale watu wa huduma ya kwanza walinipima, wakanipa maji ya chumvi na sukari, wakanifunika, wakanilaza mpaka nikarudi duniani. Walifanya kazi yao vizuri sana. Na walifanya na kingine ambacho mimi sikukijua: waligeuza namba yangu ya kifuani wakapiga simu.

Mchana mshikaji akanikuta nje ya uwanja. Yeye na mwendo wake wa kusindikiza maiti alimaliza kwa saa mbili na nusu, anacheka peke yake, medali inaning'inia. Wenzetu wa kijiweni wanatuma ujumbe mfululizo: "Vipi mkali? Saa ngapi? Tupe picha!" Nikamwambia niazime dakika moja. Akasita. Akanivulia. Nikajimwagia maji usoni yaonekane jasho, nikang'ata, akapiga picha. Mengine unayajua.

Nilirudi Dar Jumanne. Hapo nyumbani majirani wamejaa, dada kapika pilau. Mimi nikasimulia. Bwana we, nilisimulia! Jinsi nilivyopanda Mweka, jinsi nilivyowapita Wakenya wawili, jinsi nilivyoingia uwanjani watu wakasimama. Dada anapakua, ananyamaza. Anaongeza kachumbari, ananyamaza. Majirani wakaondoka. Nikamfuata jikoni kuosha vyombo, nikiwa bado na mzuka.

Akasema bila kugeuka, "Jumapili nilipigiwa simu nikiwa wodini. Namba siijui. Mtu ananiuliza, wewe ni ndugu wa fulani? Nikajibu ndiyo. Akaniambia subiri kidogo usikate. Mdogo wangu, unajua 'subiri kidogo' ilikuwa na urefu gani?"

Sikujibu.

"Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Nawapigia watu simu. Najua ile subiri kidogo huwa inafuatiwa na nini."

Halafu akaendelea kuosha sufuria. Nikajitetea, nikamtajia Akhwari, nikamwambia dada, mwanaume haachi njiani. Hapo ndipo aligeuka, povu mikononi. "Akhwari aliangukia njiani. Wewe ulianguka hapa hapa nyumbani, kitandani kwangu, mimi nikakuinua. Usimsingizie mzee wa watu."

Hakuninunia. Afadhali angeninunia. Picha niliifuta usiku ule, lakini wewe na mimi tunajua picha ya WhatsApp haifutiki kwenye macho ya watu. Ndiyo maana naandika.

Nimelifikiri sana lile neno la dada. Kisa cha Akhwari ni cha heshima na sitaki mtu aniletee utani nacho. Ila nadhani sisi vijana tumekishika upande mmoja tu. Kwenye klabu zetu za jogingi ukisema umeacha njiani unaitwa mlegevu, kwa hiyo mtu anakimbia na kifua, anakimbia na goti limevimba, anakimbia na homa. Kumaliza kumekuwa kama cheti cha uanaume. Yule mama wa kofia ya bluu alisimamisha mbio zake akakaa kwenye majani, na sijaona mtu aliyekimbia vizuri kumshinda siku ile.

Ikangaa mwenyewe, niliyejifananisha naye, Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alizidiwa sekunde moja tu na Mkenya Ibrahim Hussein. Mwaka 1989 akaenda New York akashinda kwa saa 2:08:01. Mimi nilikuwa namjua wa New York tu. Miaka ya kupigwa Boston hakuna aliyenisimulia kijiweni.

Mazoezi sasa nayafanya kwa masharti ya dada. La kwanza lilikuwa kupima damu. Ilikuwa chini. Wiki nne sikukimbia, nilitembea tu jioni, nakula matembele na maini kama mgonjwa. Wiki ya tano nikaanza kukimbia kwa mwendo ambao unaweza kupiga stori bila kuhema. Ni mwendo wa aibu, watoto wa shule wenye mabegi wananipita Sinza Mori wananizomea. Lakini kumbe ndo unaojenga pumzi. Zamani kila siku nilikuwa nakimbia kama nafukuzwa, ndiyo sababu sikuwa nazidi kuwa mzuri, nilikuwa nazidi kuchoka.

Alhamisi ni siku ya kilima. Dar watu wanasema haina vilima, hao hawajatoka kwao. Nenda barabara ya Sam Nujoma, pale unapopandia kwenda Chuo Kikuu. Unapanda chini ya miti mikubwa, nyani wengine wanakuangalia kwa dharau, mpaka karibu na ukumbi wa Nkrumah. Napanda polepole, nashuka polepole zaidi, maana nilishajifunza mapaja yanavunjikia wapi. Nilianza mara mbili, sasa nafika mara sita. Jumapili moja kila mwezi naenda Pugu, nakamata barabara ya Kisarawe, huko kuna miinuko inayokaribia kunikumbusha Mweka. Karibu, sio sawa. Daraja la Tanzanite naenda nikitaka kufurahi tu.

Na nikisikia mwili una joto silifichi. Nimeshalala Jumapili mbili wenzangu wakiwa barabarani na filimbi zao, nikawasikia wakipita dirishani. Inauma, nisikudanganye.

Septemba 2025 kulitokea jambo. Mbio ndefu za mashindano ya dunia, Tokyo, kwetu huku usiku wa manane. Dada alikuwa ametoka zamu hana usingizi, nikamwita tukaangalia wote. Alphonce Simbu wa Singida alijificha katikati ya kundi mpaka nikaanza kulalamika, huyu vipi, mbona haendi? Dada akaniambia nyamaza. Wakaingia uwanjani, yule Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, zimebaki mita za kuhesabu, na Simbu akaja, akaja, wakafika pamoja wakijirusha. Saa zote mbili 2:09:48. Picha ikatoa mshindi kwa mia tatu za sekunde, samahani, nimechanganyikiwa hata sasa: sehemu tatu za mia za sekunde! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Dada alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Simbu shaba aliipata London mwaka 2017. Miaka minane baadaye ndo dhahabu.

Tulipotulia dada akaniuliza, "Moshi unarudi lini?" Nikamwambia nikiwa tayari. Akasema, "Damu kwanza. Halafu nitakuja na mimi, sitaki tena kusubiri kwenye simu." Medali nilishamrudishia mshikaji siku nyingi. Saa moja na dakika 45 nimeisahau, nikimaliza kwa saa mbili na nusu nitamnunulia yeye supu.

Limebaki moja. Mama uliyevaa kofia ya bluu, uliyekuwa ukiteremka barabara ya Mweka ile Jumapili, kama gazeti hili linafika huko au kuna mtu wako atakusomea: mimi ndiye yule kijana wa kwenye mfereji. Niliondoka na kofia yako. Nimeifua, ipo. Nitakuja nayo Moshi, nitasimama kwenye mteremko, jirani na ile meza ya maji, hata kama mwaka huo sikimbii. Nikikuona nitakusalimia kabla hujaniuliza siku gani.